Iniforme ya Nani?

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa mbele, asifiwe na ninyi mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema. Ninawaona, na ninawapenda. Wengi mnanijua, lakini kwa ajili ya wageni nitajitaja: mimi ni Mama Furaha wa Keshero, ninauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na ninaimba sauti ya kwanza katika koral, kwaya yetu ya kanisa. Mimi si mtu wa kelele. Nitasema pole pole, na nikianza kulia mniache nilie kidogo, halafu nitaendelea.

Wengine wamesimama hapa wakasema Bwana aliwatoa kwenye ugonjwa, wengine kwenye pombe, na kuna ndugu mmoja aliyetolewa chini ya pikipiki njia ya Rutshuru akiwa mzima. Mimi sikuwa mgonjwa. Pombe siijui. Mimi Bwana alinitoa ndani ya kitenge. Msicheke. Ama chekeni, hata mimi siku hizi ninacheka, lakini wakati ule haikuwa ya kucheka.

Ninyi wa Goma mnajua kwamba neno iniforme lina watoto wawili katika mji huu. Kuna iniforme ya shule, ile jupe, yaani sketi, ya buluu na shemizi nyeupe, ama suruali kwa wavulana. Halafu kuna iniforme yetu sisi wamama. Arusi ikitangazwa, kamati inachagua kitenge kimoja, na kila mwanamke anayejiita ndugu ama rafiki anakinunua na kukipeleka kwa fundi. Arusi ina chake, matanga yana chake, ubatizo una chake, koral ina chake. Ukifika bila iniforme hakuna atakayekufukuza. Utakaribishwa vizuri kabisa, utakalishwa nyuma pamoja na watoto, na sahani itakufikia ikiwa na mchuzi mtupu.

Ndugu zangu, ile sahani ya mchuzi niliiogopa kuliko dhambi.

Kwa hiyo sikukosa iniforme hata moja. Kabati langu lilikuwa halifungiki. Watu walisema, Mama Furaha anajua kuvaa. Lakini nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mngeingia ndani mngewakuta wasichana wangu wawili, Furaha na mdogo wake Neema, kila mmoja na shemizi iliyokuwa nyeupe zamani, na viatu ambavyo mawe ya volkano yalikuwa yameshavila mpaka soli. Kila Septemba shule ilinishangaza kana kwamba imezuka usiku ule. Noeli nayo ilinishangaza, kana kwamba haina tarehe. Mtu akiniambia, mama, panga mapema nguo za watoto, nilimjibu kwa sauti ya kiroho: Mungu atatoa. Kwa kitenge sikuwahi kusema Mungu atatoa. Kwa kitenge nilipanga miezi mitatu mbele, nikapunguza hadi mafuta ya kupikia.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipoangukia.

Mume wangu, Papa Furaha, anafanya kazi Kiwanja. Ananunua maharagi kwa wakulima na kuyapakia kuja huku, na nyumbani anafika mara chache. Mwisho wa Agosti alinitumia pesa kwa simu, halafu akapiga. Mtandao ulikuwa mbaya, sauti inakuja na kupotea. Nilisikia neno moja tu wazi wazi: "Hizo ni za iniforme." Halafu laini ikakatika.

Wiki ile ile kamati ya koral ilikuwa imetangaza iniforme mpya kwa ajili ya sherehe ya shukrani ya kanisa. Tena safari hii walikuwa wamechoka na vitenge vyenye maua na ndege. Walichagua kitambaa cha buluu nzito, kisicho na ua hata moja, na kola nyeupe shingoni, ili tuonekane kundi moja. Na kanuni ya koral mnaijua: asiye na iniforme hasimami kwenye mstari. Anakaa chini na washirika.

Nilishika zile pesa mkononi nikajiambia, amesema za iniforme. Hakusema iniforme ya nani.

Nilijua, ndugu zangu. Ninasema mbele yenu na mbele ya Mungu, nilijua. Mtandao haukunidanganya, mimi ndiye niliyejificha nyuma ya mtandao. Nikaenda nikanunua yadi sita za ile buluu, nikazipeleka kwa fundi. Siku mbili baadaye Papa Furaha akapiga tena, akauliza kama iniforme imenunuliwa. Nikajibu, ndiyo. Na haikuwa uongo, eh? Shetani haongei uongo kila siku. Siku nyingine anaongea ukweli uliokatwa nusu.

Fundi wetu ni muzee mmoja mpole, Mnande wa Butembo, tunamwita Papa Kambale. Anashona barazani mwake hapo karibu na shule ya wasichana wangu, na nyuma ya mashine ametundika pazia ambapo wateja wanapimia nguo. Anashona vizuri, lakini ana ugonjwa wa mafundi wote. Aliniambia, mama, kuya Ijumaa. Ijumaa nikafika, kitambaa changu kipo palepale kwenye rafu, hakijaguswa. Ijumaa ya pili vilevile. Ya tatu akaniapia kwa jina la mama yake. Nilirudi nyumbani nikimnung'unikia, nikimwita mwongo moyoni. Leo ninasema, Mungu wetu ni mkubwa, hutumia hata uongo wa fundi!

Wakati huo shule ilikuwa imeanza. Furaha alikuwa ameingia darasa la sita, ule mwaka wa mtihani mkubwa, na anasoma asubuhi. Neema alikuwa la nne, anasoma mchana, kwa sababu madarasa hayatoshi na watoto wanapokezana. Niliwaambia wote wawili, subirini kidogo, nguo zenu zitakuja. Wiki ya kwanza shule iliwavumilia. Baada ya hapo, asiye na jupe ya buluu hapiti mlangoni. Mimi nilikuwa ninatoka alfajiri kwenda ziwani kuchukua sambaza, halafu sokoni mpaka jioni. Nikirudi ninakuta jupe moja ya buluu imefuliwa na kuanikwa kwenye kamba. Kila jioni jupe moja. Sikujiuliza ya pili iko wapi. Mama mzima, mwenye macho mawili, anayeweza kuhesabu yadi sita bila kukosea, alishindwa kuhesabu jupe moja.

Ilikuwa karibu na saa saba mchana, siku ya Alhamisi. Sambaza zilikuwa zimeisha mapema, nikasema nipite kwa fundi nimshike kabla hajatunga Ijumaa nyingine. Papa Kambale aliponiona alisimama na kunisalimia, lakini akaangalia pazia. Nikadhani kuna mteja ndani. Nikasikia mtu anakohoa, na mama hasahau kikohozi cha mtoto wake. Nikafungua pazia.

Neema alikuwa amekaa kwenye benchi. Juu amevaa shemizi ya shule, mgongoni ana mfuko wa madaftari, na chini amejifunga kitenge changu, kile cha arusi ya binamu yangu, chenye majani ya njano. Miguu haifiki chini. Amekaa kimya kama mtu anayengoja zamu kwa daktari. Juu ya kichwa chake ndiyo ile rafu, na juu ya rafu yadi zangu sita za buluu zimekunjwa.

Nilimuuliza anafanya nini pale na shule imeshaanza. Akanijibu bila kuogopa, kwa sauti ndogo tu: "Minangoja jupe, mama. Furaha iko anakuya."

Sikuelewa. Na kabla sijaelewa, Furaha akaingia akikimbia, anahema, ameshafungua kifungo cha kiunoni, ananipita bila kuniona, anamwambia mdogo wake afanye haraka, mwalimu amewachelewesha tena. Darasa la sita wanaongezewa masomo kwa sababu ya mtihani. Wanatoka wakati wadogo wameshaingia. Alikuwa na pini mdomoni, ile ya kukaza jupe ili isimvuke Neema kiunoni. Halafu akageuka akaniona. Pini ikaanguka.

Nje palipita chukudu ya mizigo, ninakumbuka magurudumu yake ya mbao kwenye mawe. Ndipo Neema akanishika mkono, akanibembeleza yeye, mimi niliyetakiwa kumbembeleza: "Mama, usikasirike. Tulisema tusikusumbue, mupaka iniforme yako iishe kwanza."

Ndugu zangu.

Nipeni dakika moja.

Papa Kambale alinieleza yaliyobaki, macho yake yakiwa kwenye mashine. Ile ilikuwa wiki ya tatu watoto wanabadilishana jupe ya Furaha nyuma ya pazia lake, kwa maana ya Neema ilikuwa imechakaa kabisa. Alidhani mimi ndiye niliyewapangia. Siku ambazo Furaha aliwahi kutoka, Neema alikimbia akaingia. Siku ambazo Furaha alichelewa, Neema alikuta mlango umefungwa, akarudi akakaa kwenye benchi mpaka saa kumi na moja, ili arudi nyumbani kwa saa ya wenzake na mimi nisijue. Mwalimu wake alikuwa ameshamwambia kwamba akiendelea kukosa hivyo, jina lake litatolewa kwenye orodha na ataanza darasa la nne upya mwaka ujao. Mtoto mwenyewe alikuwa ameibeba habari hiyo siku nne tumboni.

Nitawaambia kweli, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni haikuwa huruma. Ilikuwa hasira. Nilitaka kumkasirikia Furaha, nimkasirikie fundi, nimkasirikie mwalimu. Nilizungusha macho nikitafuta mtu wa kumtwisha, na kila nilipogeuka nilijiona mimi.

Muzee yule alikuwa na futi yake shingoni. Alishusha kile kitambaa kutoka kwenye rafu, akakiweka mezani, akakilainisha kwa kiganja, akachukua mkasi. Hakunihubiria. Aliuliza swali la kazi tu, kama anavyomuuliza kila mteja: "Mama, nikate iniforme ya nani?"

Lile swali ndilo nililokuwa nimelikimbia tangu Agosti. Sherehe ya shukrani ilibaki siku kumi. Niliona mstari wa koral, wote buluu, na nafasi yangu mbele upande wa kushoto, na mtu mwingine amesimama pale. Nikaiona sahani ya mchuzi. Niliomba palepale, bila kufumba macho, maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba: Bwana, nitoe humu. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilisikia Neema anakohoa tena.

Nikasema, "Kata ya batoto, papa."

Mkasi ulipoingia kwenye kile kitambaa nililia, na sitawadanganya kwamba nilikuwa ninalia toba tupu. Nusu ilikuwa toba, nusu nilikuwa ninakililia kitambaa. Lakini ulipofika mwisho wa meza, ndugu zangu, kulikuwa na kitu kimetoka mabegani mwangu, na mpaka leo hakijarudi. Haleluya!

Yadi sita zilitoa jupe nne, mbili kwa kila mtoto. Papa Kambale, ambaye alinidanganya Ijumaa tatu, alishona ya kwanza siku ile ile, mimi nimekaa kwenye benchi ya Neema ninamngoja. Akaweka ndani pindo la vidole vinne. Akaniambia watoto wanapanda kama mahindi, mama mwenye akili ananunua na urefu wa mwaka ujao. Halafu nikamshika Neema mkono nikampeleka mwenyewe kwa mkurugenzi wa shule, nikinuka sambaza vile vile, nikasema kosa ni langu, si la mtoto. Alinikemea kidogo, na nilistahili. Jina la Neema likabaki kwenye orodha.

Jioni nikampigia Papa Furaha. Nilimweleza yote, pamoja na ile ndiyo yangu ya nusu. Akaniambia: "Nilijua. We ukijibu mbio hivi, iko kitu." Alisema alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe. Tangu siku hiyo akituma pesa hasemi tena neno iniforme. Anasema, hizi ni za jupe ya Neema, hizi ni za viatu vya Furaha. Anamtaja kila mtu na kiungo chake.

Siku ya sherehe niliingia na kitenge cha zamani. Kiongozi wa koral alinishika bega kwa upendo akaniambia kanuni ni kanuni, nikasema ninaelewa. Nikaenda kukaa chini na washirika, katikati ya watoto wangu. Nilisikia macho ya watu yote mgongoni. Ndipo nikatambua kitu ambacho kilinishinda: kwa miaka yote ile sikuwahi kukaa kanisani na wasichana wangu. Mimi nilikuwa mbele, wao nyuma. Sikujua kwamba Furaha anasinzia kwenye matangazo. Sikujua kwamba Neema anazijua nyimbo zetu zote.

Koral iliposimama kwa wimbo wa pili sikuweza kujizuia, nikaimba nimekaa. Na huyu mdogo pembeni yangu akaimba nami, sauti ya kwanza, safi, hakosei. Watu wakageuka. Waligeuka kwa sababu ya sauti, hakuna aliyeangalia kitenge. Na chakula kilipogawanywa, sahani yangu ilikuwa na nyama. Ile sahani niliyoiogopa miaka yote hata haikuja!

Mtaniuliza, sasa unafanyaje, Mama Furaha? Ndugu zangu, Mungu akikutoa shimoni anakuachia na kazi ya kulifukia. Ukutani kwangu, juu ya mtungi wa maji, nimebandika karatasi yenye majina ya watoto wawili, na chini ya kila jina nguo anazohitaji kwa shule na ile moja ya Noeli. Kila Jumamosi kopo moja la sambaza ninaliuza kwa ajili ya karatasi ile, na pesa yake inaingia kwenye mkebe wa maziwa, na mkebe una kifuniko kigumu makusudi. Miguu yao nimeipima kwa uzi, uzi wenye fundo moja ni wa Furaha, wenye mafundo mawili ni wa Neema. Nikipita penye viatu vya mitumba, uzi uko kwenye mfuko wangu. Kitambaa cha buluu ninanunua mwezi wa pili, wakati hakuna anayekitaka na muuzaji anakubembeleza. Septemba hainishangazi tena. Kila mtu hujikuna ajipatapo, na mimi nimejua mkono wangu unafika wapi.

Mwaliko wa arusi ukija, ninausoma, halafu ninasoma karatasi ya ukutani. Ikiwa karatasi imeshiba, ninanunua. Ikiwa haijashiba, ninaenda na nguo niliyo nayo, ninabeba zawadi na sauti yangu. Wako walionielewa. Iko shangazi mmoja ambaye hanisalimii mpaka leo, na ninaendelea kumwombea. Na mara moja nilianguka, sitaficha: kitenge cha kijani, arusi ya mwezi wa sita. Bwana ananijua. Nilikiuza kwa jirani kabla hakijafika kwa fundi, nikaomba msamaha, tukaendelea.

Iniforme hii ya koral mnayoiona juu yangu leo, buluu na kola nyeupe, ilikuja baada ya miezi minane. Ilikuja ya mwisho, nyuma ya jupe nne, viatu pea mbili na soksi. Ninaipenda kuliko zote nilizowahi kuvaa, kwa maana hainibani popote.

Ninamshukuru Mungu aliyeniona nyuma ya pazia. Ninamshukuru kwa Papa Furaha, kwa fundi mwongo, na kwa watoto walionihurumia kabla mimi sijawahurumia. Na wewe mama, wewe papa uliyekaa hapa leo, labda chako si kitenge. Labda ni simu, labda ni kiti cha mbele kwenye sherehe za watu, wewe unakijua. Mungu hatakuaibisha. Atakuuliza tu swali la kazi, kwa upole, mkasi uko mkononi. Mjibu. Mwamini, mwache akate.

Amina yangu ni hii. Jana nilipita kwa Papa Kambale, tukashusha pindo la kwanza la jupe za Neema, vidole viwili, viwili bado viko. Ile benchi ameshaitoa nyuma ya pazia, anawekea nyuzi. Akaniambia zamani mtoto huyu alikuwa anatoka kwake kila mchana mbio, anahema, jupe bado inafungwa njiani. Siku hizi, anasema, Neema anafika hapo kabla ya saa, anasimama, anamsalimia, anauliza habari ya mashine. Halafu anaenda shule akitembea.